Betri za metali zinazokula hewa ukaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari za betri hizi zinapotoka, maswali huwa yaleyale: zinafanyaje kazi, zitauzwa lini, na je, kweli zitatusafishia anga? Majibu yako hapa chini. Mengine ni mafupi kwa kuwa hakuna cha kurefusha. Machache nimeyakalia kitako, hasa lile la hewa ukaa kurudi au kutorudi wakati wa kuchaji, maana hilo ndilo linaloamua kama sifa ya "betri inayosafisha hewa" ni ya haki au ni ya kunogesha biashara.

Betri hizi ni kitu gani?

Ni betri zenye metali tupu upande hasi, mara nyingi lithiamu, sodiamu au zinki, na upande chanya ulioachwa wazi ili hewa ukaa iingie. Huo upande chanya ni kipande chembamba cha kaboni chenye vitundu vingi kama sifongo, kilichopakwa kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mmenyuko wa kemikali. Katikati kuna elektrolaiti, kwa kawaida kimiminika, inayopitisha ioni (atomi zenye chaji ya umeme) lakini inazizuia elektroni. Elektroni zikikosa njia ya ndani hulazimika kuzunguka kwa nje kupitia waya, na huko ndiko tunakozitumikisha.

Tofauti na betri ya simu iko kwenye maghala. Betri ya simu ina maghala mawili, na kazi ya lithiamu ni kuhama kutoka moja kwenda jingine na kurudi. Betri ya hewa ukaa imevunja ghala moja na kuweka dirisha mahali pake. Kile kinachokutana na lithiamu kinatoka nje kikiwa gesi, hakikupakiwa ndani tangu kiwandani.

Umeme unapotoka, ndani kunatokea nini?

Tuanze na lithiamu, ambayo ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Atomi nne za lithiamu hukutana na molekuli tatu za hewa ukaa, zikazaa vizio viwili vya lithiamu kabonati na atomi moja ya kaboni. Volti yake kinadharia ni kama 2.8. Kaboni hiyo ni masizi tu, sawa na yale yanayoganda kwenye kioo cha taa ya mafuta. Lithiamu kabonati ni chumvi nyeupe. Ni chumvi ileile inayouzwa kwa tani kuwa malighafi ya betri za kawaida, na ileile ambayo madaktari wamewapa wagonjwa wa bipola kwa miaka mingi.

Seli ya majaribio yenyewe ni kitu kidogo, haizidi sana betri ya saa. Fundi huiunganisha ndani ya sanduku la glavu, yaani sanduku lililozibwa ambalo mikono huingia kwa glavu zilizoshikizwa, lililojaa gesi ya agoni. Hukata kipande cha lithiamu kwa kisu, maana metali hii ni laini, na pale kisu kilipopita hung'aa kama fedha. Juu yake huweka kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo, hudondoshea matone ya elektrolaiti, kisha huweka kile kipande cheusi cha kaboni na kufunika kwa kifuniko kilichotobolewa matundu. Seli ikishabanwa, huingizwa ndani ya chupa yenye hewa ukaa, waya mbili zikatokeza nje. Ndiyo "betri inayokula hewa ukaa" yote hiyo, na inaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Na kuchaji je? Kunafanyikaje?

Ni kuurudisha mchezo nyuma: umeme unasukumwa ndani, lithiamu kabonati inavunjika, lithiamu inarudi upande wake na hewa ukaa inatoka tena. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye seli ndipo penye mfupa.

Lithiamu kabonati haipitishi umeme vizuri, na imeshikamana kwelikweli. Imekaa juu ya vitundu vya kaboni kama utando wa chokaa ndani ya birika, imeziba njia ya gesi na njia ya ioni. Ili ivunjike, mara nyingi unahitaji zaidi ya volti 4. Sasa piga hesabu: seli ilikupa umeme kwa volti 2.6, inakudai volti 4.2 ili ujaze ulichotoa. Hapo unarudishiwa kama asilimia 62 ya nishati uliyoweka. Betri za kawaida za ioni za lithiamu hurudisha zaidi ya asilimia 90.

Kuna ubaya mwingine uliojificha. Kwenye volti hiyo kubwa, kabonati huweza kuvunjika peke yake bila kuyachukua masizi yaliyozaliwa pamoja nayo. Masizi yakabaki. Badala ya gesi kutoka ikiwa hewa ukaa tupu, hutokea aina ya oksijeni yenye ukali inayotafuna elektrolaiti na hata ile kaboni ya upande chanya. Kwa mzunguko mmoja au miwili huoni kitu. Ukifika mzunguko wa hamsini, seli imechoka na hujui nani kaiua.

Kichocheo kinasaidia nini hapo?

Kinapunguza ukaidi. Rutheniamu ni maarufu kwa kazi hiyo, lakini ni metali ya thamani na haipatikani kwa wingi. Ndiyo maana watafiti wengi wamehamia kwenye molibdeni, ama ikiwa imeungana na kaboni ama na salfa. Kabidi ya molibdeni, yaani ile iliyoungana na kaboni, ina ujanja wake: badala ya kuiacha safari ifike hadi kwenye kabonati, inaishikilia njiani ikiwa oksalati, chumvi nyingine inayotokana na hewa ukaa. Oksalati ni dhaifu zaidi, kwa hiyo inavunjika kwa volti ndogo, karibu na 3.5. Binafsi naona njia hii ina akili kuliko kutafuta nyundo kubwa zaidi ya kuvunjia kabonati.

Ngoja. Ikiwa kuchaji kunairudisha hewa ukaa, imesafisha nini?

Hili ndilo swali. Wengi hulifikia wakiwa wameshasoma makala nzima, na makala haikuwaambia.

Neno "kuchajika" na neno "kusafisha" yanavutana. Betri ya lithiamu na hewa ukaa inayofanya kazi kikamilifu huvuta hewa ukaa inapotoa umeme na kuitoa yote inapochajiwa. Ikivuta kilo moja, inarudisha kilo moja. Ni kama pafu: linavuta, linatoa. Hakuna anayesema pafu linapunguza hewa chumbani. Kinachobaki mkononi mwako ni betri ya kuhifadhi umeme, jambo zuri tu, lakini liitwe kwa jina lake.

Ili hewa ukaa ipungue kweli, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha kaboni ibaki humo, yaani kuvunja kabonati peke yake na kuyaacha masizi. Wapo wanaolitafuta hilo kwa makusudi, wakiiona betri kama mashine ya kutengeneza kaboni ngumu. Ubaya wake ni kwamba masizi yanajaa kwenye vitundu, na mahali palipojaa hapaingii gesi. Njia ya pili ni kutumia maji ndani ya betri na kuigeuza hewa ukaa kuwa kitu kinachoweza kuchotwa na kupelekwa kwingine, kama kaboni monoksidi au asidi fomiki. Kisha wakati wa kuchaji, badala ya kukirudisha kitu hicho kuwa hewa ukaa, unayachanganua maji na kutoa oksijeni. Hapo kaboni haijarudi. Hiyo ndiyo njia ya betri za zinki, na nitaifikia.

Kwa hiyo ukikutana na habari ya betri mpya, swali la kwanza liwe: wakati wa kuchaji, gesi gani inatoka? Ikiwa ni hewa ukaa, unasoma habari za pafu. Ikiwa ni oksijeni, endelea kusoma.

Kilo moja ya hewa ukaa inahitaji betri kubwa kiasi gani?

Kwa lithiamu, hesabu ni hii. Kilo moja ya hewa ukaa ni moli 22.7 (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli). Kila molekuli tatu zinadai elektroni nne, kwa hiyo unahitaji moli 30.3 za elektroni, na lithiamu kiasi hichohicho, ambayo ni gramu 210. Umeme wake ni ampea-saa 812. Kwa volti 2.8 unapata kilowati-saa 2.27, kwa volti halisi za maabara, tuseme kilowati-saa 2.

Ukigawa kilowati-saa 2.27 kwa uzito wa lithiamu na hewa ukaa kwa pamoja, yaani kilo 1.21, unapata ile namba inayonukuliwa kila mahali: wati-saa 1,876 kwa kilo. Betri za ioni za lithiamu zinazouzwa leo ziko kati ya 150 na 300. Namba ya kwanza haijahesabu elektrolaiti, kaboni, kifuniko wala tangi la gesi. Ya pili imevihesabu vyote vya kwake. Kuzilinganisha hivyo ni kumlinganisha mtu aliyepimwa bila viatu na aliyepimwa na mzigo kichwani.

Zikitumika dunia nzima zitapunguza joto la dunia?

Tutumie hesabu ileile. Chukua betri za kilowati-saa bilioni moja. Ni nyingi mno, zinatosha magari ya umeme kama milioni 20 yenye betri ya kilowati-saa 50 kila moja. Zikiwa zimetoa umeme wote, zitakuwa zimeshikilia takriban tani laki tano za hewa ukaa. Dunia hutoa tani zipatazo bilioni 37 kwa mwaka kutokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi, ambazo ni kama tani milioni 100 kwa siku. Tani laki tano ni moshi wa dakika saba. Na ukishazichaji, dakika saba hizo zinarudi.

Msaada wake kwa tabianchi, ukiwepo, utapitia mlango mwingine: kuhifadhi umeme wa jua na upepo ili mitambo ya makaa ipumzike. Na kazi hiyo betri nyingine pia zinaifanya.

Umeme wa kuchajia ukitoka kwenye makaa ya mawe?

Basi umejidanganya mwenyewe. Ampea-saa 812 kwa volti 4.2 ni kilowati-saa 3.4. Mtambo wa makaa hutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa. Umetoa kilo zaidi ya tatu ili kushika moja, na hiyo moja umeiachia palepale ulipokuwa ukichaji.

Wazo hili lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye kero. Watu waliokuwa wakitengeneza betri za lithiamu na oksijeni walitaka zivute hewa ya kawaida, lakini kila hewa ilipoingia, hewa ukaa iliyomo iligeuka lithiamu kabonati na kuiziba seli. Ilikuwa ni uchafu wa kuchujwa. Mwaka 2011 watafiti wa maabara kuu ya Toyota nchini Japani waliichanganya hewa ukaa na oksijeni kwa makusudi, wakaona seli inatoa umeme mara tatu ya ile ya oksijeni peke yake. Mchawi akageuka mgeni rasmi.

Mwaka 2013 kundi la Lynden Archer kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, lilionyesha seli inayotumia hewa ukaa tupu. Hiyo haikuwa ya kuchajika na ilitaka ipashwe joto. Mwaka uliofuata seli ya kuchajika ikaripotiwa, na mwaka 2016 kundi la Jun Chen la Chuo Kikuu cha Nankai, China, likaleta ya sodiamu inayofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago kiliripoti seli ya lithiamu iliyochajiwa na kutumika mara 500, kaboni na kabonati vikirudi pamoja bila masizi kubaki. Kwa fani changa namna hii, hiyo ilikuwa hatua ndefu.

Mara 500 si inatosha kuanza kuuza?

Hapa lazima mtu asome maandishi madogo. Kwenye majaribio haya seli hairuhusiwi kutoa umeme mpaka iishe. Inakatwa mapema, mara nyingi ikifika miliampea-saa 500 au 1,000 kwa gramu. Gramu ya nini? Ya kichocheo. Na kichocheo kilichopakwa pale ni sehemu ndogo ya miligramu. Ukiwa na miligramu 0.2 na kikomo cha 1,000 kwa gramu, seli yako imetoa miliampea-saa 0.2. Betri ya simu ina 5,000. Ungehitaji seli 25,000 za namna hiyo kufikia simu moja, na bado volti zake ni ndogo kuliko za betri ya simu.

Sisemi watafiti wanadanganya. Kikomo wamekiandika wazi, na bila kikomo cha pamoja wasingeweza kulinganisha vichocheo. Anayepotosha ni yule anayeichukua namba ya 500 na kuitia kwenye kichwa cha habari kana kwamba ni betri ya gari iliyotumika siku 500.

Na betri ya zinki ina tofauti gani?

Tofauti kubwa ya kwanza ni maji. Lithiamu na sodiamu hazipatani na maji hata kidogo, lakini zinki inakaa humo kwa amani. Betri ya zinki na hewa ukaa huwa na vyumba viwili vya maji: kimoja cha alkali kinachokaa na zinki, kingine kinachopokea hewa ukaa. Kati yao kuna utando maalumu wa tabaka mbili unaotenganisha maji haya mawili yasiharibiane.

Zinki inapoyeyuka na kutoa umeme, hewa ukaa kwenye chumba cha pili hupokea elektroni mbili na kugeuka. Itageuka kuwa nini, inategemea kichocheo. Dhahabu na fedha huelekea kutoa kaboni monoksidi, bati na bismuthi huelekea kwenye asidi fomiki, na shaba ina tamaa ya kutoa vitu vingi kwa mpigo. Kaboni monoksidi ni sumu inayoua kimyakimya, lakini kiwandani ni mali: ukiichanganya na hidrojeni unatengeneza methanoli na mafuta. Asidi fomiki ndiyo ile inayouma mtu anapoumwa na baadhi ya sisimizi, na hutumika kusindika ngozi za wanyama viwandani na kuhifadhi malisho ya mifugo.

Wakati wa kuchaji, zinki inarudi kuwa metali na upande wa pili unatoa oksijeni kutoka kwenye maji. Kaboni iliyogeuzwa imeshachotwa. Hapo ndipo lile jina la kusafisha linapoanza kuwa na haki.

Lakini usishangilie mno. Seli hizi hutoa chini ya volti moja, zikadai zaidi ya volti mbili kuchajiwa, na nguvu yake ni miliwati chache kwa sentimita ya mraba. Nikiitazama kwa jicho la fundi, hii ni mashine ya kugeuza hewa ukaa inayokurudishia umeme kidogo njiani. Ukiiita betri kwanza na mashine baadaye, utaihukumu vibaya.

Iko pia ya zinki iliyoripotiwa China mwaka 2018 yenye kichocheo cha paladi, ambayo hewa ukaa hugeuka asidi fomiki na asidi fomiki hurudi kuwa hewa ukaa. Ufanisi wake ulifika kama asilimia 81, uzuri wa kupigiwa mfano. Nayo, kama umefuatana nami mpaka hapa, umeshaiweka kwenye kundi lake: pafu.

Sodiamu na alumini je?

Sodiamu ni rahisi kupatikana kuliko lithiamu, chumvi ya bahari imejaa. Volti yake ni ndogo kidogo, 2.35 kinadharia, na kwa kilo moja inabeba wati-saa kama 1,130. Kabonati yake inavunjika kwa urahisi zaidi, na hilo ni jambo la kheri. Mwaka 2018 watafiti wa UNIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Ulsan, Korea Kusini, walitengeneza seli ya sodiamu inayotumia maji upande wa pili: hewa ukaa ikiyeyuka ndani ya maji huyafanya kuwa asidi, kama ndani ya soda, na asidi hiyo ikipokea elektroni inatoa hidrojeni. Umeme na hidrojeni kwa pamoja, hewa ukaa ikabaki ndani ya maji ikiwa bikaboneti. Kati yake na sodiamu waliweka ukuta wa kauri, maana sodiamu ikigusana na maji ni moto.

Alumini ilijaribiwa Cornell mwaka 2016, ikisaidiwa na oksijeni kidogo, na ikazaa alumini oksalati, kemikali yenye soko. Ila haikuwa ya kuchajika. Na kutengeneza kilo moja ya alumini kunameza kilowati-saa 13 hadi 15 za umeme, tena ncha za kaboni za tanuru zenyewe huungua na kuwa hewa ukaa. Hesabu yoyote ya alumini isiyoanzia kwenye tanuru imeanzia katikati.

Betri hizi zinaweza kuvuta hewa hii tunayopumua?

Kwa sasa, hapana. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu. Iliyobaki ni hasa naitrojeni, oksijeni na mvuke wa maji, na mvuke huo ukiingia kwenye seli ya lithiamu ni balaa. Majaribio karibu yote hutumia hewa ukaa safi ya mtungi. Moshi wa mtambo wa makaa una asilimia 10 hadi 15, kiasi cha kutamanisha, lakini umebeba maji na gesi za salfa zinazoua vichocheo.

Kundi la Betar Gallant la MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, lilijaribu njia ya pembeni mwaka 2018: kuichanganya hewa ukaa na amini ndani ya elektrolaiti. Amini ndizo kemikali zinazotumika tayari kukamatia hewa ukaa viwandani. Hewa ukaa ikishashikwa na amini inalegea, inakubali elektroni kwa urahisi kuliko ikiwa huru. Kwa hiyo kazi ya kukamata na kazi ya kutumia zinafanyika mahali pamoja.

Kwa nini hewa ukaa ni ngumu hivyo?

Kwa sababu imeshaungua. Ni majivu ya kaboni, yakiwa gesi tu. Molekuli yake ni mstari ulionyooka, kaboni katikati na oksijeni huku na huku, na haina hamu ya kupokea elektroni. Kuilazimisha ipokee elektroni moja peke yake kunadai karibu volti 1.9 chini ya sifuri ya hidrojeni, kiwango ambacho wakemia wamekubaliana kukiita sifuri ya volti. Vichocheo vyote nilivyovitaja viko kazini kukwepa hatua hiyo moja.

Nasikia zitatumika Mars. Ni kweli au ni hadithi?

Wazo lina mantiki kuliko linavyosikika. Angahewa ya Mars ni hewa ukaa asilimia 95, kwa hiyo betri ingekuta chakula chake nje ya mlango, na kila kilo isiyobebwa kutoka duniani ni akiba kubwa. Kifaa cha NASA kiitwacho MOXIE kimeshaonyesha kwamba hewa ukaa ya huko inatumika: kuanzia 2021 hadi 2023 kilitengeneza gramu 122 za oksijeni kutokana nayo. MOXIE haikuwa betri, ila ilikula sahani hiyohiyo.

Vikwazo ni baridi, wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri, ambapo elektrolaiti nyingi huganda au kuzubaa, na wepesi wa hewa yenyewe: mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya ule wa duniani. Itabidi gesi isukumwe kwa pampu, na pampu inakula umeme.

Ni hatari kutumia?

Lithiamu tupu ni hatari kuliko lithiamu iliyofichwa ndani ya betri ya simu. Kila inapochajiwa hairudi ikiwa bapa. Huota vijiti kama mizizi, na kijiti kikitoboa hadi upande wa pili seli inapiga shoti. Ongeza elektrolaiti inayowaka na dirisha lililo wazi. Yapo majaribio ya elektrolaiti za kauri na za jeli kwa sababu hiyo. Upande wa zinki hatari ya moto ni ndogo, ila kaboni monoksidi ikivuja chumbani hutaisikia hata harufu.

Hii ndiyo ile "betri ya hewa ukaa" iliyojengwa Italia?

Hapana, ni majina tu yamegongana. Ile ya Energy Dome kule Sardinia ni mtambo wa mashine tu, si wa kemia: umeme ukiwa mwingi, hewa ukaa inagandamizwa hadi iwe kimiminika, umeme ukihitajika, inaachiwa itanuke na kuzungusha tabo, lile gurudumu la kuzalisha umeme. Hewa ukaa haigeuki kuwa kitu kingine, inazunguka humohumo kati ya puto na matangi.

Zitauzwa lini?

Betri za ioni za lithiamu zilianza kuchunguzwa miaka ya 1970 na Sony ikaziingiza sokoni mwaka 1991, hali hazikuwa na dirisha la gesi la kuhangaika nalo. Jipimie mwenyewe. Ya kwanza kuonekana kazini, kwa maoni yangu, itakuwa ile ya zinki iliyofungwa pembeni ya kiwanda chenye moshi wake, kwa kuwa pale inauza bidhaa badala ya kushindana na betri kwa uzito.

Naweza kujitengenezea nyumbani nione?

Ya lithiamu, usijaribu. Ukitaka kuona betri inayopumua, tafuta betri ndogo ya zinki na hewa, ile ya vifaa vya kusaidia kusikia. Ina kibandiko upande mmoja. Ipime volti kabla hujakibandua, kisha kibandue, utaona kitundu kimoja au zaidi. Subiri dakika moja na upime tena: volti inapanda kuelekea 1.4, kwa sababu oksijeni imeingia. Kisha iache wazi mezani kwa wiki kadhaa bila kuitumia, itakufa yenyewe. Sababu mojawapo ni hewa ukaa, inayopenya kwenye kitundu hichohicho na kuigeuza alkali yake kuwa kabonati.